Mtaalamu wa Vibati wa Kisaka

Alhamisi, 2 Agosti 1956

Efrazia ameondoka. Lori la saa mbili asubuhi, kwenda Sirari kwa dada yake aliyejifungua. Atarudi Jumapili ya wiki ijayo. Siku kumi! Mke wangu nampenda, Mungu ni shahidi, lakini mtu mwenye akili ya biashara anahitaji nafasi ya kufikiri.

Ameniachia maagizo matatu. Ulezi ulioanikwa usiliwe na kuku. Mlango wa ghala ufungwe. Na Sabuni asiguswe. Sabuni ni ng'ombe wake, mweupe wote, ndiyo maana akaitwa hivyo. Ni wake, si wetu. Alianza na mayai, mayai yakawa kuku, kuku wakawa mbuzi, mbuzi wakawa Sabuni, na Sabuni sasa ana ndama. Miaka minne. Mimi katika miaka hiyo hiyo nilianza na mbuzi wanne nikaishia na mayai. Jambo hili ameshalisema mbele ya watu mara nyingi. Hakukuwa na haja ya kulisema tena leo, tena akiwa juu ya lori.

Niliapa. Mkono juu.

Mchana nikaenda dukani kununua chumvi. Habari kubwa! Kuna Mzungu amepiga hema Mugumu, ananunua vibati vya posho vya mgodi wa Nyabasira. Vibati vile! Vijana hawavijui, kwa hiyo naandika kwa faida ya wajukuu. Mgodi ule wa dhahabu, kabla haujafungwa wakati wa vita, kila wiki ulimpa kibarua kisahani kidogo cha shaba ya njano. Kina tundu la kupitishia kamba. Upande mmoja picha ya nyundo, upande wa pili namba. Jumamosi unakitoa dirishani, unapimiwa unga, maharage na chumvi ya wiki. Mgodi umekufa, vibati vimebaki majumbani. Wengine wamevifunga shingoni mwa mbuzi, wengine wamezibia sufuria.

Na sasa ni mali! Kibati cha kawaida, shilingi mbili. Kile ambacho Mzungu hajapata kukiona, bei ya ng'ombe mzima. Nani katika Kisaka yote aliwahi kufanya kazi katika ofisi ya mgodi ule? Mimi. Wiki tatu, mwaka 1938. Nilikuwa nafagia, lakini nilifagia ofisini.

Ijumaa, 3 Agosti

Nimetoa meza nje. Bango nimeliandika kwa mkaa juu ya ubao wa sanduku la chai: BENEDICTO, MTAALAMU WA VIBATI. KUTAMBUA SENTI KUMI. KUTHAMINI SENTI ISHIRINI. Vifaa vyangu: jiwe la kugongea, tupa, na kioo cha tochi. Kioo hakikuzi kitu chochote, lakini nikikiweka jichoni watu wananyamaza.

Ninatambua kwa njia tatu. Kuuma, kunusa, kugonga. Kibati halali kikigongwa kinalia sauti nyembamba, halafu kinaendelea kulia kidogo peke yake.

Watu tisa kabla ya saa sita! Siyo wote walioleta vibati. Mmoja alileta kifungo cha koti la askari. Mwingine, mzee wa watu, kifuniko cha dawa ya viatu. Nilikithamini senti hamsini kwa sababu alikuwa ametoka mbali. Verdiana wa mfyatua matofali alileta medali ya Bikira Maria, na kabla hajasema neno nilikuwa nimekwisha kuiuma. Alipiga kelele hadi mbwa wakaja. Amesema katekista atapata habari hii leo leo.

Sawa. Kila kazi ina matatizo yake.

Alasiri, balaa. Ogola, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, ametundika bango lake. KUPIMA VIBATI BURE. Bure! Mtu huyu nusu ya ukoo wake uko Kenya, na kila anachokifanya anasema huko ng'ambo ndivyo kinavyofanywa. Anavipima kwa utepe ule ule anaopimia viuno vya watu. Anaandika upana, anatikisa kichwa, anasema "Aisee!" Wateja wangu wote wamevuka barabara. Nimemtumia ujumbe kwamba kibati si suruali. Amejibu kwamba meno yangu si mzani.

Jumamosi, 4 Agosti

Leo nimedhihirisha utaalamu wangu mbele ya umma.

Alikuja Bibi Nyangi kutoka Busawe, mjane wa mhunzi mmoja aliyesifika sana kwa majembe. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mura, yaani kijana, akakaa, akamimina vibati saba kutoka kwenye kibuyu. Nikaviangalia. Nikavigonga. Puu! Vinalia kama kitako cha chungu. Nikaangalia nyundo. Haikuwa nyundo. Ilikuwa jembe! Jembe letu hili la mkono, limechorwa mahali pa nyundo. Na namba nne imegeuzwa, inatazama nyuma.

Bandia! Nilisimama kabisa nikatangaza. Hata Ogola aliacha cherehani.

Nilitegemea bibi ataona haya. Hakuona. Alicheka, akasema ndiyo, marehemu mume wake alivifua mwenyewe, ili wenzake wa rika moja wapange foleni mara mbili Jumamosi. Mzungu wa dirishani alikuwa anahesabu tu, haangalii. Alisema nusu ya Busawe ilinenepa kwa nyundo ya mume wake. Nilimweleza kwa upole kwamba hiyo ni hila, na hila haina thamani sokoni. Akasema anaona.

Halafu nikafanya jambo la kitaalamu. Ili mtu asije akanizungushia takataka zile zile kesho, nilichukua tupa nikakata kila kimoja mapengo mawili pembeni, upande wa kushoto. Ndivyo sisi ukoo wetu tunavyokata masikio ya ng'ombe tangu babu wa babu yangu. Mtu wa huku akiona mapengo mawili kushoto anajua ni sisi. Kazi safi sana. Nilivishika juani vikapendeza.

Bibi hakuwa na senti. Akasema nibaki navyo viwe malipo. Nimevitupia kwenye mkebe wa vyuma vya baiskeli.

Jumapili, 5 Agosti

Kanisani katekista alisoma tangazo kuhusu watu wanaouma vitu vitakatifu. Hakutaja jina. Watu wote waligeuka kunitazama.

Baada ya misa, habari iliyonipiga kifuani. Mzee Nashoni wa Busawe anacho kibati namba moja. Moja! Inasemekana alikuwa mtu wa kwanza kuandikwa kazi. Hakukitoa dirishani wiki ile ya kwanza, alikiweka kiwe kumbukumbu, akashinda na njaa. Kimekaa kwenye kamba shingoni mwake miaka ishirini. Na hataki pesa. Pesa, anasema, zinaisha bila kutoa maziwa. Anataka ng'ombe anayekamuliwa.

Ninajaribu kufikiri mambo mengine.

Moja ni moja. Moja haiwezi kuwa mbili. Kama kuna kitu Mzungu hajapata kukiona, si ni hicho?

Nimeenda kumwangalia Sabuni zizini, kumwangalia tu. Alinitazama kwa macho ya Efrazia, nikatoka.

Jumatatu, 6 Agosti

Nimekwenda Busawe kwa baiskeli, kwa nia ya kitaalamu peke yake. Mzee Nashoni alinipokea vizuri, akanipa uji. Kibati ni halali! Nyundo ni nyundo. Kinalia vizuri. Nilikinusa, kinanuka jasho la Mzee Nashoni, lakini ndani ya jasho kuna shaba ya kweli. Na namba imesimama peke yake katikati, nyembamba, bila mwenzake.

Nikasema nitafikiri. Mzee akasema nifikiri taratibu, hakuna haraka, fundi Ogola amekuja jana jioni na utepe wake, amekipima mara mbili, naye amekwenda kumtafutia ng'ombe kwa binamu yake Okech.

Ogola! Jana jioni! Siku ya Bwana!

Basi nikakubali. Makubaliano ni haya, na nimeyapanga kwa akili sana. Kibati ni changu, Sabuni na ndama wake wanakwenda kwake. Lakini nikimletea shilingi mia na hamsini kabla ya Jumapili, Sabuni anarudi na ndama wake, hakuna maneno. Mzee akacheka akaniita mura wa kweli. Ijumaa ninauza kibati Mugumu, Jumamosi ninamkomboa Sabuni, Jumapili Efrazia anashuka kwenye lori na kukuta kila kitu mahali pake. Atajuaje? Na mfukoni nitakuwa na faida ya kumnunulia kitenge.

Ni kama kuazima tu.

Jumanne, 7 Agosti

Kumtoa Sabuni kumenichukua asubuhi nzima. Alikubali kutoka zizini. Alikubali njia. Pale mtoni, maji yasiyofika hata kifundo cha mguu, akakataa. Nilimvuta. Nilimsukuma. Nilimwimbia. Mwishowe nikambeba ndama kuvuka, na mama yake akanifuata akipiga pembe zake kwenye makalio yangu. Nimekaa vibaya siku nzima.

Njiani niliulizwa na jirani yetu Agustina kama Sabuni ni mgonjwa. Nikasema nampeleka kulishwa kwa rafiki, majani ya Busawe ni mazuri. Si uongo. Watu wa huku wanawekeana ng'ombe kila siku. Akasema "Haya" kwa sauti ambayo sikuipenda.

Lakini ninacho! Nimekifunga shingoni. Ninapoandika kinagonga meza, ting, ting. Nimeanza kumhurumia Ogola.

Jumatano, 8 Agosti

Hakuna maziwa. Chai bila maziwa ni maji yaliyoona majani.

Kuku wamemaliza ulezi wa mkeka mmoja. Nilikuwa nimetazama kibati.

Alhamisi, 9 Agosti

Ogola amerudi kutoka mpakani na ng'ombe wa Okech, mwekundu, amekonda hata mbavu zinahesabika. Amekuta Mzee Nashoni ameshapata ng'ombe. Alikuja mpaka mezani kwangu, akakitazama kibati kifuani pangu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakutaja Kenya. Nilimkaribisha chai. Alipouliza maziwa yako wapi nilibadilisha mazungumzo.

Kesho Mugumu! Mzungu anahama keshokutwa, kwa hiyo ni kesho au basi. Watu wanamwita Miwani Miwili, kwa kuwa ana miwani machoni na mingine kwenye paji la uso, anaibadilisha kila anapotazama kitu. Nimenoa maneno yangu. Nitaanzia mia tatu, nishuke mpaka mia mbili na hamsini nikionyesha maumivu.

Ijumaa, 10 Agosti

Naandika nimekaa kwenye gogo nje ya hema. Niandike kila kitu kama kilivyotokea, maana bado sielewi.

Nilifika saa nne, tairi limepasuka mara mbili. Mkebe wa vyuma nilikuwa nao kwa ajili ya kuziba. Ogola alikuwa amekwisha kufika kwa lori, ameketi na vibati thelathini juu ya kitambaa cheupe, vimepangwa kwa ukubwa. Miwani Miwili alivilipia shilingi mbili mbili, akamsifu kwa usafi. Ogola alikunja utepe wake kwa maringo.

Zamu yangu. Nikavua kibati namba moja polepole, nikakiweka mezani, nikarudi nyuma hatua moja, kwa heshima. Miwani Miwili akabadilisha miwani. Akasema kizuri. Shilingi mbili.

Nilidhani Kiswahili chake kimeteleza. Nikarudia, namba moja. Yeye akavuta droo akanionyesha. Namba moja. Namba moja. Namba moja. Anavyo tisa! Mgodi ulikuwa na makundi kumi na mawili, na kila nyapara alianza kuhesabu watu wake kuanzia moja. Mzee Nashoni alikuwa wa kwanza katika kundi lake.

Nilimwona Sabuni. Nilimwona Efrazia akishuka kwenye lori, ananitazama, anatazama zizi. Nilitaka kulia na sioni aibu kuandika. Mwanamke ameokota mayai miaka minne.

Nikaushika mkebe wangu niondoke, nikaugonga kwenye kiti, ukapinduka mezani. Minyororo, misumari, na vile vibati bandia saba vya Bibi Nyangi. Nikaanza kuvizoa haraka, nikaomba radhi kwa takataka.

Miwani Miwili aliushika mkono wangu. Akabadilisha miwani. Akabadilisha tena. Akasimama hata kiti kikaanguka. Alisema amesoma barua za zamani za mgodi, wenye mgodi wanalalamika posho inaisha, kuna vibati vya uongo, na miaka saba amevitafuta hajaona hata kimoja. Vya halali viko maelfu. Hivi ndivyo havionekani! Akaligusa lile jembe kwa kidole akacheka kama amepewa mtoto ambebe.

Halafu akaona mapengo. Hapo ndipo alipochanganyikiwa kabisa. Akasema basi mgodi ulivikamata! Ulivikata ili visitumike tena! Hili hata kwenye barua halimo. Akanitajia bei. Shilingi arobaini kila kimoja.

Arobaini mara saba. Mia mbili na themanini! Sabuni anarudi na kitenge juu, na viatu! Nilimtazama Ogola. Mdomo wake ulikuwa wazi, sindano mbili zimeng'ang'ania ukosini. Furaha ile siwezi kuieleza.

Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Sekunde chache tu, mpaka aandike kwenye daftari na kufungua sanduku la pesa.

Lakini alikuwa anaandika kwa sauti. Akasema mapengo haya yamekatwa kwa ustadi, yako sawasawa, ni kazi ya mtunza stoo wa mgodi, Mzungu fulani aliyekufa zamani, mtu makini mwenye jicho kali, wa kwanza kutambua vibati bandia Nyabasira.

Wa kwanza! Nani, yule aliyekaa dirishani miaka mitatu akipimia unga watu wale wale mara mbili? Yule? Kifua kiliniwaka. Nikasema hapana, bwana. Ni mimi. Nimevitambua mimi, Benedicto, kwa kugonga, na nimevikata mimi, Jumamosi iliyopita, na tupa ni hii hapa. Nikaichomoa nikaiweka mezani. Nikamweleza na habari ya masikio ya ng'ombe wa ukoo wetu.

Miwani Miwili akaketi, akasahau kwamba kiti kimeanguka.

Alipoinuka alinieleza kwa upole uliozidi. Kibati bandia kilichokatwa na mgodi mwaka 1936 ni historia. Kibati bandia kilichokatwa na Benedicto wiki iliyopita ni kibati kilichoharibiwa. Shilingi tano kila kimoja. Ogola alitoka nje. Nilimsikia akicheka ameshika kamba ya hema, mpaka hema lote likatikisika.

Thelathini na tano, jumlisha mbili. Sabuni ni mia na hamsini.

Jumamosi, 11 Agosti

Siku ya maajabu. Mkono umechoka lakini naandika.

Miwani Miwili alitaka kumwona Bibi Nyangi kabla ya kuhama. Tukaondoka alfajiri kwa Landrova yake, mimi, Ogola, baiskeli juu. Ogola aliniita "omera", yaani ndugu, njia nzima, kila aliponitazama akicheka upya, halafu akanipa nusu ya muhogo wake. Si mtu mbaya. Ana kelele tu.

Bibi Nyangi alikuwa anapepeta mtama. Aliposikia haja ya mgeni aliingia ndani akatoka na kibuyu kingine. Vibati kumi na kimoja! Vizima, havijakatwa, jembe linaonekana vizuri kabisa! Nikamuuliza kwa nini Jumamosi hakuniletea hivi. Akasema aliniletea vile vibaya kwanza, aone kama mtaalamu anajua kazi. Akaona.

Shilingi arobaini kila kimoja. Alihesabiwa mbele ya watu, na watu walikuwa wengi, Busawe nzima ilikuwa imekuja kutazama Landrova. Miwani Miwili akauliza kwa nini jembe na siyo nyundo. Bibi akasema mume wake hakuwahi kufanya kazi mgodini, hakuiona ile nyundo ya Wazungu ilivyo. Alichora kitu alichokijua mkono wake. Wazee wakaanza kucheka na kukumbuka. Mmoja akaonyesha alivyojifunga kanga ya mke wake kichwani apate foleni ya pili. Mwingine alipata ya tatu, akaugua tumbo. Wanawake wakapiga vigelegele. Mtoto wa Bibi Nyangi, Tomaso, ambaye naye ni mhunzi, alileta kile chuma cha baba yake cha kupigia chapa, kikapita mkono kwa mkono. Mzungu akataka kukinunua. Bibi akasema hicho hapana, hicho ni mume wangu.

Na hapo, kwa ajili ya zile kelele, akatokea Mzee Nashoni akitokea malishoni. Nyuma yake Sabuni. Nyuma ya Sabuni ndama.

Bibi Nyangi akauliza ng'ombe mzuri namna hii ni wa nani. Mzee akasema wake. Na kabla ya hapo? Mzee akanitazama. Ogola akanitazama. Mimi nilikuwa nautazama mlima. Ogola akasema yote. Mwanzo mpaka mwisho, na mikono yake, na sauti yangu, na hata kuiga ukaidi wa Sabuni mtoni ambao hakuuona, nilimsimulia mimi mwenyewe kwenye Landrova.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akamgeukia Mzee Nashoni. Akamuuliza, shemeji, wewe ulipanga foleni mara mbili wiki ngapi? Mzee akakuna kichwa. Kulikuwa na watu wengi waliokuwepo, hakuweza kupunguza. Akasema labda sitini. Bibi akasema mume wake hakuwahi kumdai mtu wa rika lake hata punje ya unga. Yeye pia hadai. Ila mtu aliyelishwa wiki sitini na mwenzake wa tohara asinywe maziwa ya mwanamke aliyekwenda kumsaidia dada yake uzazi.

Basi. Mzee Nashoni si mtu mbaya naye. Na mjane wa mwenzako wa rika akisema hivyo mbele ya Busawe nzima, utamjibu nini? Alilegeza kamba. Aliomba kitu kimoja, kibati chake. Miwani Miwili alikitoa mfukoni akampa bure. Mzee alikivaa, akakipiga kwa ukucha, akasema shingo yake ilikuwa baridi wiki nzima. Nilishangilia kuliko wote.

Kamba bibi hakunipa mimi. Alimpa Ogola. Mimi nilipewa kubeba ndama.

Nilikuwa na maneno tayari kwa kesho, kwamba majani ya Busawe yamemfaa Sabuni. Tukafika nyumbani saa kumi. Efrazia amekaa mlangoni.

Jumapili hakuna lori! Kila mtu anajua. Hata mimi najua.

Aliinuka. Hakunisalimu. Alimzunguka Sabuni, akagusa chuchu moja moja, akamtazama ndama mikononi mwangu. Akauliza ulezi uko wapi. Kuku wakapita wakati ule ule, wamenona. Halafu Ogola akafungua mdomo, na safari hii alisimulia vizuri zaidi kuliko Busawe. Alipofika pale kwenye tupa, nilipoiweka mezani, nilifumba macho.

Nikasikia kicheko. Efrazia! Alicheka hadi akamwegemea Sabuni, kitambaa kikamtoka kichwani, Agustina akaja mbio akidhani kuna msiba. Alisema wanaume wapo wengi wa kuiba na kudanganya, ila yeye amepata mmoja peke yake, aliyepewa mia mbili na themanini akakataa ili asifiwe. Kisha akalia kidogo, akiwa ameushika mkia wa Sabuni, na hapo mimi niliona aibu kweli. Nilimwambia nilimkumbuka sana. Ni kweli. Nyumba bila yeye ni kuku tu.

Ogola alikaribishwa chakula. Chai ilikuwa na maziwa.

Jumapili, 12 Agosti

Efrazia amechukua zile thelathini na saba zote. Baada ya misa alinipeleka mbele ya katekista, na Verdiana akiwa shahidi. Nimeapa upya. Sitamuuza Sabuni, sitamwazima mtu Sabuni, sitamweka Sabuni rehani, sitampeleka Sabuni kula majani ya Busawe wala ya mahali pengine popote. Katekista aliyaandika yote, nikatia sahihi. Verdiana aliusoma ule waraka mara mbili, akaridhika.

Bango nimelichoma. Kwa moyo mmoja kabisa. Mimi na vibati basi.

Jumatatu, 13 Agosti

Nimeamka na mawazo.

Miwani Miwili alisema jambo gani? Halali viko maelfu, bandia ndivyo havionekani. Na Tomaso anacho chuma cha baba yake! Mkono ni ule ule, jembe ni lile lile. Mzungu atarudi Desemba. Vibati hamsini, arobaini kila kimoja. Nimepiga hesabu mara tatu, na kila mara ninalazimika kusimama nizunguke meza.

Nimemwona Tomaso mnadani. Nimemweleza hesabu zangu. Akasema inawezekana, ila shaba si bure.

Makosa ya safari ile nimeyatazama vizuri. Kosa lilikuwa moja tu: sifa ilitaka kumwendea mtu mwingine. Safari hii haitatokea. Kila kibati, chini ya jembe, kitachapwa mwaka 1936, na chini ya mwaka, kwa herufi ndogo lakini zinazosomeka, KAZI YA BENEDICTO.

Imebaki malipo. Tomaso hataki pesa, anataka mfugo, mdogo tu wa kuanzia. Nimeusoma tena waraka wa katekista, mstari kwa mstari. Sabuni ametajwa mara nne.

Ndama hakutajwa hata mara moja.